Uzito wa Ulimi wa Huato

Kamuna, mjane wa Shushani mfua fedha, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa ugonjwa wa nadhiri. Watu wengine wakikwama huomba Mungu, wengine hulia. Yeye aliweka nadhiri papo hapo, kwa sauti, tena mbele ya mashahidi. Sindano ikipotea: "Nikiiona kabla ya jua kuzama, natoa kibaba cha unga kwa maskini!" Mvua ikichelewa: "Ikinyesha kabla ya Sabato, mafuta ya taa za sinagogi ni juu yangu!" Yakidondoka manyunyu mawili matatu upande wa pili wa mtaa wetu wa Hara Kubwa, huyoo, mbio kwa Rabi Bugidi kuuliza kama manyunyu ni mvua. Paka wake alipotoroka aliahidi yai moja siku atakaporudi. Paka akarudi na watoto wanne tumboni. Sasa ni yai moja au matano? Rabi alipekua vitabu asubuhi nzima, akaamua kwamba aliyetoroka ni paka mmoja, basi yai ni moja. Kamuna akatoa matano, akamwambia Rabi kwamba vitabu vyake vimeandikwa na mabahili.

Tulimcheka sana. Kisiwa kizima cha Jerba humpati mtu mwenye mkono mwepesi wa kutoa kama yeye, lakini ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Na wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye alijikwaa ulimi siku ya arusi ya mwanawe wa pekee, Huato.

Bi arusi aliitwa Ghazala, binti mpole, mwembamba, mwenye aibu. Wanawake wakawa wanamsifu jinsi alivyofundwa jikoni. Kamuna, bila ubaya wowote, nasema kweli, bila ubaya, akapiga makofi na kusema: "Binti huyu akinipikia kuskusi inayomezeka, natoa kuku mzima kwa mayatima!" Wanawake wakaangua kicheko. Ghazala akainamisha kichwa. Hapo mambo yangeweza kuisha. Lakini wiki iliyofuata Ghazala akampikia mkwewe kuskusi ya samaki, akaiweka mbele yake. Kamuna akala sahani mbili. Jirani akamtania: "Haya shoga, unadaiwa kuku?" Kamuna akalamba kidole na kusema: "Bado sidaiwi."

Huato alisikia. Akamchukua mkewe, akahamia nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na ya mama, na tangu siku hiyo hakumwambia mama yake neno hata moja. Miaka minne!

Na msidhani alikuwa mtoto asiye na adabu. Afadhali angekuwa hivyo, angepigwa fimbo yakaisha. Huato aliishika Torati kwa meno. Imeamriwa umheshimu mama yako, naye alimheshimu: kila Ijumaa alituma mtu ampelekee unga, mafuta na samaki aliye bora kuliko wake mwenyewe. Imeamriwa mzazi akipita usimame. Basi Kamuna akipita mbele ya duka lake la ufuaji fedha, Huato huweka nyundo chini, husimama wima, hungoja mama apite, kisha hukaa. Kimya. Mama mtu alipoligundua hilo akaanza kuwa na safari. Mara chumvi imekwisha, mara uzi, mara ameisahau chumvi yenyewe. Kuna siku tulimhesabia alipita mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja kijana akasimama. Wateja walichoka, pete hazikuisha kwa wakati. Lakini kusimama alisimama.

"Angekuwa ameapa asiseme nawe, ningemfungulia kiapo chake," Rabi Bugidi alimwambia Kamuna. "Lakini hakuapa, mama. Amekataa tu. Na kukataa hakuna kufuli, nitafungua nini?"

Mtoto wa Huato alipozaliwa, Kamuna alipata habari kwa kusikia kilio cha kichanga ng'ambo ya ukuta. Hakumpakata. Ghazala angempa, lakini Kamuna hakutaka kuingia kwa mlango wa mke wakati wa mume umefungwa. Siku hiyo alikwenda ua wa sinagogi, akasimama katikati ya wanawake waliokuwa wakisugua masufuria, akasema bila kucheka: "Mwanangu akisema nami, natoa kwa mayatima uzito wa ulimi wake kwa fedha safi." Hakuna aliyecheka. Alivaa mguuni furungu la fedha la mama yake, zito kama jiwe la kinu, na wote walijua fedha hiyo itatoka wapi.

Ikapita miaka miwili. Ndipo Alhamisi moja, siku ya soko, punda wa Belgasem muuza mitungi akakata kamba.

Punda huyo alikuwa jike, na Belgasem, kwa mapenzi au kwa kejeli, alimwita Lalla. Kwetu kila mwanamke wa makamo huitwa Lalla kwa heshima, na Huato tangu utotoni alimwita mama yake hivyohivyo. Basi punda anakuja mbio na mitungi yake, na Kamuna, ambaye hiyo ilikuwa safari yake ya saba, yuko katikati ya njia. Huato akatoka dukani akipiga ukelele: "Lalla! Simama hapo hapo, utaumia!"

Punda akasimama. Kamuna naye akasimama.

Kisha Kamuna akatupa kikapu, akakimbia hadi kwa Rabi Bugidi huku ameshika sketi kwa mikono miwili. "Amesema nami! Rabi, amesema nami! Nadaiwa!"

Jumapili asubuhi wakakaa waamuzi watatu uani kwa Rabi, sisi majirani tukichungulia: Rabi mwenyewe, Sasi mchinjaji aliyekuwa pia mtunza sanduku la mayatima, na mzee mmoja aliyekuja kusinzia ili hesabu itimie. Huato akaitwa, akaja, akasimama mama yake alipoingia, kisha akaketi akitazama ukuta.

"Huato," akasema Rabi, "Alhamisi ulisema na nani?"

"Na punda."

"Mwongo!" akasema Kamuna.

"Ewe ukuta," akasema Huato kwa utulivu, "mjulishe anayeuliza kwamba mimi nilikuwa namtazama punda."

Akaitwa Belgasem, ambaye hakutaka kumwacha punda wake peke yake nje, akasimama naye mlangoni. Rabi akamuuliza: "Punda wako huitikia jina lake?"

"Rabi wangu, punda wangu huitikia fimbo, tena siku akijisikia."

"Tujaribu," akasema Rabi, akageukia mlangoni na kuita: "Lalla!"

"Naam," akaitikia Kamuna.

Punda alikuwa anatafuna mkeka. Sasi alicheka mpaka akamwamsha mzee. Kamuna akasimama kwa ushindi. "Mmeona? Nani kaitika? Halafu sikilizeni maneno yenyewe: utaumia! Tangu lini punda akaambiwa utaumia? Punda huambiwa utanitambua!"

"Kweli," akakiri Belgasem. "Mimi humwambia mabaya zaidi."

Sasi akapangusa machozi. "Mama Kamuna, hebu tusichoshane. Unataka kutoa fedha, sanduku hili hapa. Toa, Mungu akubariki, twende nyumbani. Nani amekukataza?"

"Sitaki kutoa!" akafoka Kamuna. "Nataka kudaiwa!"

Hata Sasi, ambaye si mwepesi wa mambo hayo, alielewa. Akitoa kwa hiari yake, ni sadaka kama yale mayai ya paka. Akidaiwa, basi mwanawe amesema naye.

Rabi akakohoa, akajificha katika kitabu. Akasema kwanza tujue hata uzito wenyewe hupimwaje, kwa sababu ulimi haukatwi. Imeandikwa kuhusu mtu aliyeahidi uzito wa mkono wake: lijazwe pipa maji mpaka juu, atumbukize mkono maji yamwagike, autoe, kisha itiwe nyama ya punda na mifupa yake mpaka maji yarudi pale pale, nyama hiyo ndiyo ipimwe.

"Nyama ya nani?" akauliza Belgasem, na akavuta kamba.

"Tulia, ndugu yangu. Kwa ulimi tutatumia kikombe, na ulimi wa kondoo."

"Ulimi wa kondoo ninao," akasema Sasi, "lakini kwa ukoo huu ningeshauri wa ngamia."

Rabi hakucheka. Alifunga kitabu, akavuta ndevu, akatoa hukumu yake. Nadhiri hufuata lugha ya watu. Na katika lugha ya watu, mtu akipiga kelele njiani penye Lalla wawili, huenda alisema na huyu, huenda alisema na yule. Ni shaka. Na nadhiri ikiingiwa na shaka tunashika upande mzito. "Kwa hiyo, Kamuna, utalipa. Kwa sababu ya shaka."

Mtu mwingine angefurahi. Kamuna alimtazama Rabi kana kwamba amemtemea mate.

"Kwa shaka?" akasema. "Miaka minne, Rabi, nikalipe kwa shaka? Nikirudi nyumbani nijiambie nini, kwamba labda mwanangu kasema nami, labda kasema na punda? Nalala na labda, naamka na labda?" Alikuwa na hasira, na aibu, na amechoka, na watu wa namna yake wakifika hapo hawana mlango mwingine wa kutokea. Akainua mkono. Sote tulioujua mkono ule tulijua kinachofuata. "Basi sikilizeni, na mbingu zisikie! Kama kweli alisema na punda, si mimi, basi njia ile ya dukani kwake iwe haramu kwa miguu yangu! Tangu leo, mpaka siku ya—"

Huato alijua alichokuwa anakitazama Alhamisi ile. Alijua, na hakuna mwingine aliyejua. Kweli alikuwa akimtazama punda, basi nadhiri hii ingemfunga mama. Na alijua sheria kuliko Sasi: nadhiri ikishatimia mdomoni, imetimia, na mama yake hajawahi hata siku moja kuvunja nadhiri. Asingepita tena. Si mara kumi na moja, si mara moja.

Aliruka benchi likaanguka.

"Nyamaza!" akapiga ukelele usoni mwake. "Mama, nyamaza! Usimalize!"

Kamuna akabaki na mkono juu na mdomo wazi.

Wa kwanza kusema alikuwa Belgasem, aliyechungulia nyuma yake ili ahakikishe. "Punda yuko nje," akasema.

"Shaka imekwisha," akasema Rabi Bugidi, na sauti yake haikuwa ya hakimu. "Kamuna, nadhiri ya pili haikutimia, haina nguvu. Ya kwanza imetimia. Unadaiwa."

Kamuna akaketi polepole. Sasi, ambaye machozi yalikuwa yamemrudia kwa sababu nyingine, akaleta kikombe cha maji kilichojaa hadi ukingoni, akakiweka mbele ya Huato na kumwambia atoe ulimi. Huato akainama. Lakini Kamuna akanyoosha kiganja chake na kukifunika kikombe, na Sasi alipotaka kukiondoa kiganja, akamkazia macho mpaka Sasi akarudi nyuma.

Huato akabaki ameinama mbele ya mama yake, hajui afanye nini na mdomo wake. Akakohoa. Akasema mtoto anatembea sasa. Akasema anaogopa kuku, haogopi mbwa. Kwamba usiku hulala na nyundo ndogo ya dukani, ukimnyang'anya analia. Kwamba Ghazala alikuwa mgonjwa wakati wa baridi, amepona. Kwamba yeye mwenyewe jino la nyuma linamuuma, kwamba wiki hii fedha imepanda bei, kwamba paa linavuja. Maneno yakawa yanatoka hovyo, bila mpango, na Kamuna anamtazama mdomo tu, hasemi kitu. Kamuna, jamani! Huato akaanza kuogopa.

"Mama," akasema. "Mbona kimya? Sema basi."

Kamuna akatikisa kichwa, kiganja bado kiko juu ya kikombe.

"Umeniambia ninyamaze," akasema. "Endelea wewe."