Mchele Uliokuwa Unanisubiri

Ipo siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Nilishuka gari hapa Kisanga na kikapu cha nazi sita, ngozi imekolea jua la Tanga, najiona nimependeza kama bibi harusi. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Ngoja nikueleze nilikotoka. Nilikuwa nasoma bweni huko Tanga, na shule ilifungwa mwezi wa sita, wakati huku kwetu mpunga unavunwa. Sasa, mama yangu alikuwa na mwiko wake: mchele mpya hauonjwi mpaka watoto wote tuwe tumekaa mkekani. Kaka zangu wawili walikwisha fika. Nilibaki mimi, kitinda mimba.

Lakini rafiki yangu Zaina kwao palikuwa kule kule Tanga, karibu na bahari. Akaniambia, "Pita kwetu siku tatu tu." Siku tatu! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale hawakunipa jembe, walinipa samaki wa kupaka na mikate ya kumimina, nami nikanogewa. Asubuhi baharini, jioni barazani tunasukana nywele na kucheka. Sikufichi, nilifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo. Nikatuma salamu kwa utingo wa basi: mwambieni mama nakuja Ijumaa. Ijumaa ikafika, nikatuma salamu nyingine. Ijumaa ya tatu ndiyo nikapanda gari, na nazi zangu za kupikia wali mpya.

Kituoni alinipokea mjomba Salehe, kaka yake mama.

"Shikamoo, mjomba! Mama mbona hakuja?"

"Marahaba," akajibu bila kuniangalia. "Lete hicho kikapu."

Njia nzima nilimsimulia habari za bahari. Jamani! Mzee wa watu akaniacha niseme. Tulipokaribia nyumbani nikaona wanawake wamejaa uani, wanatwanga, nikadhani wananiandalia mimi. Ndipo aliposimama.

"Mama yako tumemzika jana, mwanangu. Homa ilimshika Jumatatu."

Sikumbuki nilivyoingia ndani. Nakumbuka jioni yake, mama mdogo akinisogezea sahani. Ulikuwa ule mchele mpya, umepikiwa watu wa msibani, tena kwa nazi zangu. Nikamwambia siwezi.

"Kula," akasema, wala hakuwa na ukali. "Tulimsihi tumpikie japo uji wa mchele huu, maana ugali ulikuwa haupiti. Akakataa. Akasema, 'Mwanangu yuko njiani.'"

Njiani! Sikuwa njiani mimi. Nilikuwa majini na Zaina, nacheka.

Nikala huku nalia, kaka zangu huku na huku, wote watatu mkekani kama alivyotaka.

Basi jana, nimekaa hapa na mama yako, nilikusikia kwenye simu ukimwambia utapita kwanza pwani na wenzako, nyumbani utafika likizo ikikaribia kwisha. Sikukatazi bahari, mwanangu. Ni tamu, naijua. Nakuambia tu uanzie nyumbani. Kaa, kula, mwache mama yako akutazame mpaka ashibe, kisha nenda, bahari utaikuta pale pale. Wala usimwambie mtu "nakuja" na mzigo hujafunga, kwa sababu wewe ukishasema unasahau, na mwenzio ndiyo kwanza anaanza kungoja. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. La mama yangu liliuma kweli, tena la mgonjwa. Majuto nayo ni mjukuu, na huyu wangu nimezeeka naye, hakui, hahami.

Mungu akufungulie njia, akufikishe salama, na akukutanishe na wako wakiwa wazima. Mpunga wetu tumeshauvuna. Mama yako hajaonja.