Mstari wa Mjomba

Fomu ya shirika la Sitiri ilikuwa na mistari sita mpaka alipoajiriwa Hashimu Nalinga. Wa saba aliuongeza yeye: "Mjomba." Magreth, msimamizi wake, mtu wa Songea, alicheka sana siku hiyo. Watu wanalala vibarazani sokoni, hawana pa kuweka kichwa, mjomba wa nini? Hashimu akamweleza kwa madaha kwamba huku mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye mzigo ni kaka wa mama. "Mwenye mjomba hai halali nje, mama. Akilala nje, mwenye aibu ni mjomba."

Na mstari ule ulifanya kazi, tusimnyime haki yake. Kila aliyekuja kuomba chumba aliulizwa mjomba wake ni nani, kisha Hashimu akashika simu. Hapo ndipo ungemsikia! Sauti ilifika mpaka barabarani: "Mjomba gani wewe? Damu ya dada yako inalala juu ya maboksi, wewe unajifunika shuka?" Wajomba wa Newala na Tandahimba walikuja mbio kuchukua watu wao, na vyumba vinne vya Sitiri vikabaki kwa wale wasio na mtu kabisa. Basi kila mtu akamwita Mjomba, hata mama ntilie wa jirani, naye jina akalivaa kama kofia mpya ya Idi.

Jumanne moja asubuhi akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kiroba mkononi, miguu imevimba. Hashimu alikuwa ameinamia fomu.

"Jina?"

"Farida Issa."

Akina Farida ni wengi. Akaandika.

"Umetokea wapi?"

"Nanyamba. Nyumba ya mama imeanguka na mvua. Hapa nalala stendi, wiki ya tatu sasa."

"Mjomba wako nani?"

Mwanamke akaweka kiroba chini. "Njomba," akasema, kwa matamshi ya kwao.

"Nakusikiliza. Sema."

"Nishasema, njomba."

Ndipo Hashimu alipoinua uso. Lile paji la uso lilikuwa la Hawa, dada yake, na mwanya ulikuwa wa Hawa.

Miaka ishirini na miwili nyuma, siku ya arobaini ya Hawa, wazee walimkabidhi binti huyu mbele ya watu. Hashimu akasema wamsubiri msimu wa korosho uishe, atakuja kumchukua. Alikuja kusikia baadaye kwamba msimu ulipoisha mtoto alifunga nguo zake kwenye kanga akakaa kando ya barabara, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yeye alikuwa amepata kibarua bandarini, na mke asiyetaka mtoto wa mtu. Mwaka wa kwanza alisema hana nafasi. Wa pili aliona haya kwenda. Kadiri haya ilivyozidi ndivyo alivyozidi kutokwenda, mwishowe akazoea. Na mtu huyuhuyu ndiye aliyekuwa akiwafokea wajomba wa watu kwenye simu!

Aibu ilimshika mwili mzima. Kwake Chuno kulikuwa na chumba kizima cha kuwekea viti vya shughuli. Neno moja tu lilitakiwa, "Huyu ni wangu," na akina Magreth wangelisikia, na mama ntilie, na wale wajomba wote aliowavua nguo. Akafungua mdomo. Mlango nao ukafunguliwa, Magreth akaingia.

"Mzee, huyu mjomba wake umeshampigia?"

Hashimu akamtazama Farida. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikuwa akimwangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa. Akangoja. Alimpa mjomba wake muda wa kutosha kabisa, na mjomba akautumia kuifunga na kuifungua kalamu.

"Njomba wangu alishakufa, dada," Farida akamwambia Magreth. "Zamani, mimi bado mtoto."

"Pole, mwaya. Basi chumba namba tatu ni chako. Mzee, andika."

Kwenye mstari alioubuni mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, Hashimu Nalinga akaandika: Marehemu.

Magreth akaichukua fomu, akaipiga muhuri, akatoa ufunguo. Farida akaupokea kwa mikono miwili, akanyanyua kiroba chake. Mlangoni akageuka.

"Ahsante, njomba," akasema.

Magreth hakushtuka. Kila anayetoka mle ndani humwita hivyo.