Gari Lililobebeshwa Lawama

Mzee mmoja alifanya kazi ya kupima ardhi serikalini kwa miaka thelathini na moja, na hata alipostaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Mpima. Jina lilimfaa. Viatu vyake alivipanga sambamba chini ya kitanda, picha za ukutani alizitundika kwa timazi, na mkewe akiwa jikoni alikuwa akipita na kumwambia sufuria imekaa upande.

"Basi ipime," mkewe alimjibu, bila hata kugeuka.

Kitu kimoja tu pale nyumbani hakikunyooka popote, nacho ni gari lake. Lilikuwa gari la familia la Kiingereza, la zamani, lenye milango minne na rangi ya kahawia iliyochujuka. Alilinunua kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akihama, wakati watoto wake wakiwa bado wadogo, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kumpongeza. Mbele lilikuwa la mviringo, nyuma la mviringo, mithili ya kipande cha sabuni kilichoogewa siku tatu, na watoto wa mtaani hawakukawia kuliita Sabuni. Milango ya nyuma ilifunguka kwa nje tu. Kile kidude cha kupasha joto kilikwama kwenye moto miaka mingi iliyopita, kwa hiyo abiria wa mbele alishuka miguu imeiva. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa mfamasia, alipenda kusema kwamba waliolitengeneza walikuwa wamenuniana siku hiyo, kila mmoja akafanya la kwake.

Lakini Sabuni liliwaka. Asubuhi Mpima alivuta choki, kile kishikio cha kuongezea injini petroli, akatulia kidogo, akageuza ufunguo, nalo likakohoa mara mbili tatu kisha likatulia. Lilimwahisha mkewe hospitali alipojifungua kitinda mimba wao. Lilibeba saruji ya nyumba wanayoishi, mfuko mmoja mmoja, mpaka ukuta ukasimama. Watu wakicheka, Mpima alicheka nao, kisha akaingia garini akaenda zake.

Mwaka wa tatu tangu astaafu, macho yakaanza kumchezea.

Mwanzoni alidhani ni kioo cha gari. Akakisugua kwa gazeti na siki, ndani na nje. Kisha akadhani ni miwani, akainunulia kitambaa kipya. Ukungu haukuondoka. Taa za magari yaliyokuja mbele yake zilipasuka kuwa nyota, na maandishi ya vibao yakawa kama yameandikwa na mtu anayetetemeka. Hapo akajua, na alipojua akanyamaza.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Baba yake mzazi alipofuka akiwa na umri kama wake, na Mpima alimkumbuka vizuri: mtu aliyewahi kujenga nyumba kwa mikono yake, akishikwa mkono kupelekwa chooni. Isitoshe, yeye mwenyewe maisha yake yote alikuwa akichungulia kwenye darubini ya kupimia na kutaja nambari, na watu wakichimba msingi kwa kumwamini. Mtu wa namna hiyo ataanzaje kusema haoni?

Basi akawa anaendesha kwa kumbukumbu. Alijua shimo lililo mbele ya duka la dawa, alijua mti uliotokeza barabarani karibu na shule, alijua ni hatua ngapi kutoka kona ya kinyozi hadi getini kwake. Jioni hakutoka tena. Na siku aliyoigonga nguzo ya geti, mkewe akatoka mbio akiwa na mwiko mkononi.

"Kumetokea nini?"

"Usukani," alisema Mpima. "Umelegea."

Neno lilimtoka lenyewe. Mkewe akalitazama gari kwa jicho la chuki, akasonya, akarudi jikoni. Ikawa imekwisha.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Alipovunja kioo cha pembeni sokoni, ilikuwa klachi. Alipompita shemeji yake, dada wa mkewe aliyekuja mjini, barabarani bila hata kumpungia mkono, ilikuwa mvuke kwenye vioo. Alipoendesha polepole hadi baiskeli zikampita, ilikuwa injini imechoka. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Sabuni lilikuwa na jina baya tangu siku ya kwanza, na uongo juu yake haukuhitaji hata kupambwa.

Jambo ambalo Mpima hakulitarajia ni kwamba familia yake ingemwamini mno. Mkewe akakataa kupanda. Binti yake mkubwa, mwalimu wa sekondari, akawa anampigia simu kila siku kumuuliza kama gari limemfikisha salama. Kisha Jumapili moja mfamasia akaja na habari, amevaa uso wa mtu anayeleta zawadi.

"Baba, mwenzangu kazini anauza gari lake. Si la zamani, halina gia za kuhangaika nazo, ukikanyaga tu linaruka. Tumekwisha kubaliana. Na hili Sabuni, Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu na lori lake."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii. Tumechoka kulala roho juu."

Mpima akasema, "Mmefanya vizuri," akaenda nje kujifanya anamwagilia maua. Alisimama na kopo mkononi mpaka maji yakafurika kwenye viatu. Kulifikiria Sabuni likikatwakatwa kwa makosa yasiyo yake kulimuuma. Lakini lililomtia hofu hasa lilikuwa lile gari jingine, lile linaloruka.

Jumatano asubuhi alikwenda posta. Jua lilikuwa bado chini na lilimpiga usoni, kila kitu mbele yake kikawa cheupe. Alisikia kelele kabla ya kuona kitu. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, Sabuni likainamisha pua na kusimama hapo hapo, na hapo ndipo alipoona, kiasi cha mkono mmoja mbele ya bampa, toroli la taka, ufagio mrefu, na mwanamke aliyevaa fulana ya manjano inayong'aa. Rangi ile huvaliwa ili hata asiyetazama aone.

Mfagiaji yule hakutukana. Alikuja dirishani, anahema, mkono kifuani.

"Baba, hukuniona?"

Mpima alifungua mdomo kusema kweli, na kilichotoka ni kile kile cha siku zote.

"Breki, mama. Breki zimegoma."

Mfagiaji akalitazama gari, akatikisa kichwa. "Pole sana, baba. Hiki chombo kitakuua. Nenda taratibu kwa fundi, usipite barabara kubwa." Kisha akamwendea mbele, akamsimamishia magari mengine kwa ufagio wake ili apate kugeuza.

Huruma ile ndiyo iliyomvunja. Laiti angemtukana.

Fundi wake alikuwa na gereji nyuma ya kituo cha mafuta. Watu walimwita Mnong'ono, kwa sababu alisemesha injini kwa sauti ya chini kama daktari kwa mgonjwa, na ndiye aliyelitunza Sabuni kwa miaka ishirini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nitazamie breki."

Mnong'ono alifungua magurudumu yote manne. Alikagua pedi, mipira, mafuta, akaliendesha uani na kulisimamisha ghafla mara tatu. Kisha akaja kuketi juu ya tairi kuukuu karibu na Mpima, akijifuta mikono.

"Mzee, breki hizi zingesimamisha lori."

Mpima akainama kuyatazama magurudumu.

"Mwanzo, mama wa nyumbani kwako alinipigia simu kuhusu usukani. Nikautazama ulipokuja kubadilisha oili. Mzima. Baada ya hapo klachi, nayo nzima. Mimi fundi, naona haya kumwambia mtu mzima jambo." Aliinua spana moja usawa wa uso wake. "Hii imeandikwa namba ngapi?"

Spana zile Mpima alizijua, alikuwa nazo seti kama ile nyumbani. Aliitazama. Aliona chuma kinachong'aa, na mkono, na ukungu.

"Sioni," alisema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja saa. Kisha akalirudia, na mara ya pili sauti ikamkatika. Mnong'ono aliweka spana chini, akamletea maji ya kunywa. Alipomaliza maji, Mpima alimpa ufunguo, akarudi nyumbani kwa miguu, huku anajisikia mwepesi hata akaogopa.

Kusema kwa fundi ni jambo moja, na kusema nyumbani ni jambo jingine. Alipiga moyo konde Ijumaa, watoto walipokuja kula chakula cha mchana. Alisubiri sahani ziondolewe.

"Yule mtu wa vyuma asije kesho," alianza. "Usukani haukulegea. Klachi haikuwa na neno. Breki hazijagoma hata siku moja. Ni mimi. Macho yangu yamekwisha, nami nimelisingizia gari miaka miwili. Jumatano nilikaribia kumuua mtu."

Mfamasia alikuwa na glasi mkononi, akasahau kuishusha. Mkewe akasema jambo ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Kumbe dada yangu bure amekununia."

Binti akaanza kucheka, na kucheka kukageuka kulia, na mezani pale pakawa na fujo ya vicheko na kamasi. Mkewe hakumlaumu siku ile. Alimlaumu wiki nzima iliyofuata, kidogo kidogo, kila alipokumbuka safari mojawapo, na Mpima alizipokea lawama kama mtu anayekunywa dawa chungu akijua inamponya.

Jumatatu binti alimpeleka hospitali, na gari lililopatikana lilikuwa Sabuni, ambalo Mnong'ono alikuwa amelirudisha. Mwalimu hakuwahi kuliendesha. Lilimzimikia mara nne kabla ya kutoka getini.

"Usilikanyage, mwanangu. Libembeleze. Choki rudisha nusu."

"Baba, miguu inaungua."

"Hiyo ni kawaida."

Walipofika hospitali, binti alizima injini akakaa kidogo na mikono kwenye usukani. "Linakwenda vizuri," alisema, kama anayejisemea. "Miaka yote hii nalitukana, kumbe linakwenda vizuri tu."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimmulika jicho la kulia, la kushoto, akarudia la kulia.

"Mzee, umekuwa ukiendesha gari?"

"Kidogo."

"Ningekuwa jirani yako ningehama." Akaandika. "Una mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa. Tutafanya upasuaji, tukianza na la kushoto. Unakuja asubuhi, mchana unarudi kwako."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo utaona."

Mpima alidhani hakusikia vizuri. "Baba yangu alipofuka," alisema. "Ugonjwa huu huu. Hatukujua kuna dawa."

"Inawezekana ulikuwa huu. Siku zile wengi waliachwa hivyo," daktari alisema, kwa upole zaidi. "Wewe hutaachwa."

Alitoka chumbani, akaketi ukumbini. Binti alimkuta ameinama, mabega yanatikisika, akashtuka, akadhani ameambiwa mabaya. Ilimchukua muda kumweleza. Miaka miwili alilala na kuamka na hofu ile peke yake, na kumbe muda wote tiba ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kitandani kwake.

Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji mwezi ule, la kulia mwezi uliofuata. Siku bandeji ya pili ilipotolewa, Mpima alirudi nyumbani akitazama kila kitu kama mgeni. Aliona vumbi juu ya kabati. Aliona picha mbili ukutani zimekaa upande, akaona aibu. Kisha akatoka uani, akasimama mbele ya Sabuni, akalizunguka lote. Aliona kutu kwenye matao ya magurudumu, mikwaruzo yake yote, na rangi ile ya kahawia ambayo sasa, bila ukungu, haikuwa na la kuitetea.

"Mama watoto," aliita. "Gari hili ni baya hivi?"

"Siku zote," mkewe alijibu kutoka ndani.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa miguu hadi barabara ya posta. Ilimbidi kurudi siku tatu mfululizo ndipo akamkuta yule mfagiaji. Alimsalimu, akamweleza yeye ni nani, kisha akamwambia kweli: breki zilikuwa nzima, asiyeona alikuwa yeye, na alimdanganya usoni. Mfagiaji alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea ufagio.

"Na sasa unaona?"

"Naona."

"Hapo kwenye mfuko wangu pameandikwa nini?"

Mpima alisoma neno la idara ya usafi, na chini yake namba ya mfanyakazi, tarakimu zote sita, bila kukosea. Mfagiaji akacheka mpaka akajishika kiuno, kisha akamwambia aende salama, yeye ana kazi.

Leseni aliyokuwa ameisalimisha kwa sababu ya macho alirudishiwa baada ya daktari kuandika na mkaguzi kumtahini barabarani. Mkaguzi alitoa maoni juu ya gari, hakutoa maoni juu ya dereva. Mfamasia alilinunua lile gari linaloruka yeye mwenyewe.

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa kumpeleka mkewe kwa dada yake, mwendo wa saa mbili. Mkewe alipanda, akasogeza miguu mbali na moto, akafunga mlango kwa kuuvuta mara mbili kama unavyotaka wenyewe. Walipovuka daraja la mwisho la mji alikuwa bado ananyoosha shingo kila wanapopishana na lori, akimtajia: lori hilo, ng'ombe hao, kona hiyo.

"Nimeliona," Mpima alisema kila mara. "Nimewaona. Nimeiona."

Mbele kidogo hakusikia tena akitajiwa kitu. Alipogeuka, mkewe alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo. Mpima akapunguza mwendo ili mashimo yasimwamshe. Aliyaona yote kutoka mbali, moja moja, akayakwepa.

Shemeji yake aliwasikia kabla hajawaona, akatoka nje kufungua geti.