Masila na Wajukuu wa Mzee Kivuva

Marehemu Masila, Mungu amrehemu, alisifiwa kwa kazi asiyoipenda na kulaumiwa kwa ile aliyoipenda. Mchana alitengeneza kompyuta za watu katika ghorofa moja karibu na Moi Avenue. Saa ya chakula, wenzake wakishuka kula, yeye alibaki na programu yake, Orodha, iliyopanga majina ya washirika na kutoa ratiba za mazishi kwa makanisa. Alikuwa ameiweka wazi mtandaoni: yeyote angeichukua bure, aisome ndani na kuirekebisha. Wengi waliichukua. Waliojitolea kuirekebisha walikuwa wawili, yeye na Wachira wa Mutuini.

Jumanne moja walikuwa watoe toleo jipya. Jacklyne, karani wa kanisa moja la Kinoo, alilingoja kwa hamu, maana Alhamisi wangemuaga Mzee Kivuva kabla ya kumsafirisha Machakos, na toleo la zamani halikujua kupanga picha. Lakini kwanza programu ilipitishwa kwenye majaribio mia mbili na kumi na mawili, kama mtahiniwa. Ilifaulu yote ila moja.

Jaribio hilo Masila alilitunga mwenyewe: babu na mjukuu wenye jina moja. Programu ikikuta jina limerudiwa katika familia, ilidhani mkono wa karani umeteleza, ikawaunganisha wawili kuwa mtu mmoja. Babu akiwa amefariki, mjukuu naye alifariki, tarehe ile ile.

"Moja kati ya mia mbili kumi na mbili, buda," Wachira alimwambia kwa simu. "Hiyo ni A. Weka alama hiyo moja irukwe, tutoe hii kitu."

"Wewe ulipewa jina la nani?"

"La guka, baba ya baba."

"Ngoja." Masila akaingiza familia ya Wachira, akasoma kilichotoka. "Ulilala mwaka wa tisini na nane. Pole. Hata darasa la kwanza hukumaliza."

Wachira alicheka, kisha akaacha. "Hiyo usitoe," akasema. "Mathe akiona mtoto wake hapo..."

Sasa Mzee Kivuva alikuwa na wana watatu, na kila mmoja, kama desturi ya Wakamba inavyotaka, alimpa kifungua mimba wake jina la babu. Programu ingewalaza wote wanne katika jeneza moja.

Masila akaanza kurekebisha. Jumatano adhuhuri jaribio lile lilipita, na mengine saba yaliyokuwa yamepita yakaanguka. Akampigia Jacklyne.

"Dada, toleo halitoki. Wiki hii ratiba ichape mwenyewe."

"Masila! Nimeshaambia wazee picha ya mzee itakaa katikati."

"Itawaua wajukuu, dada."

"Ni kompyuta ama ni nyoka? Haya, vitu vya bure ndivyo vilivyo. Mungu yuko."

Jacklyne alichapa mwenyewe, kwa uangalifu wa mtu aliyeudhika. Orodha ya wajukuu aliletewa kwa simu: Kivuva, Nzula, Kivuva, Kivuva. Akaona aliyeandika amebonyeza mara tatu kwa majonzi. Akafuta wawili.

Alhamisi Masila aliomba ruhusa kazini akaenda Kinoo. Hakuwa amekaa vizuri, mke wa mwana wa pili wa Mzee Kivuva akamsimamia mbele na karatasi ya ratiba.

"Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiye, mama."

"Mtoto wangu umempeleka wapi?"

Jacklyne, hatua mbili nyuma, alikazia macho maua. Masila alitazama karatasi, picha ya mzee katikati kabisa, akaelewa. Angeweza kusema toleo halikutoka. Angeweza kusema mkono wa karani haupitishwi kwenye majaribio hata moja. Lakini kwaya ilikuwa imeanza, na macho ya Jacklyne yalikuwa mekundu tayari.

"Nisamehe, mama. Anaitwa nani kamili?"

"Kivuva Muema."

Akaomba kalamu. Ibada nzima, kuanzia mahubiri hadi salamu za jamaa, alikaa kiti cha nyuma akiongeza akina Kivuva wawili kwenye nakala moja baada ya nyingine. Mzee mmoja akamwinamia: "Kijana, si mngetumia tu kompyuta?"

Toleo jipya lilitoka wiki tatu baadaye, majaribio yote yakiwa yamepita. Jacklyne hakulichukua. Alisema programu ile ilishamharibia mazishi mara moja.