Sahani ya Kunguru

Kwa miaka sita Jebet alimpikia Kogo. Ndivyo alivyomwita, kwa neno la kwao la ‘nyanya’, ajuza wa familia ya Kihindi aliyoifanyia kazi ughaibuni, mtaa wa Al Thumama. Ajuza yule alikuwa mkali: wali ukipungua chumvi, aligonga sahani kwa pete yake mara tatu.

Mwaka ulipotimia tangu afe, Jebet alipika wali wa kumkumbuka. Ilikuwa mwiko kuuonja, hata kwa mpishi, mpaka kunguru aule kwanza kwa niaba ya marehemu. Mwana wa marehemu akaiweka sahani ya wali kwenye roshani.

Kunguru akatua, akadonoa, akasita. Kisha akagonga sahani kwa mdomo: ko, ko, ko. Akamkazia Jebet jicho.

Mwana akarudi nyuma.

“Naleta, Kogo,” Jebet akasema, akifungua mkebe wa chumvi.