Gari la Kumtosha Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema hasira zangu ni maziwa jikoni, ukigeuka kidogo tu yameshamwagika. Kwa hivyo usishangae nikikuambia kwamba mwaka ule wa kutafuta gari niligombana na karibu kila mtu kati ya Kathonzweni na Mtito Andei. Mtu mmoja tu ndiye sikugombana naye, na huyo ndiye aliyenisumbua kichwa kuliko wote.

Tulikuwa na kijana wetu wa chekechea, kisha Mungu akatupa mapacha, wasichana. Mmoja alizaliwa sawasawa. Mwenzake alizaliwa nyayo zimekunjwa kuelekea ndani, ukimtazama utadhani anataka kupiga makofi kwa miguu. Mke wangu alilia. Mimi sikulia, nilimfokea daktari, kana kwamba yeye ndiye aliyezikunja. Daktari alikuwa mtu mvumilivu. Alitungoja tumalize, mmoja machozi na mwingine maneno, kisha akatuambia miguu ile itanyooka. Atafungwa plasta, plasta ibadilishwe kila wiki, kila mara nyayo zisogezwe kidogo. Baadaye atavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma. Akainua kidole. "Lakini mkianza, msiache. Mkiruka kliniki, miguu inarudi ilikotoka. Mtoto huyu kutembea vizuri ni nyinyi kufika hapa."

Maneno hayo yaliniingia. Kutoka kwetu Kathonzweni hadi kliniki pale Wote si mbali kwa mtu mzima na pikipiki yake, nami pikipiki ndiyo niliyokuwa nayo, ya kupelekea wateja mbegu na dawa za mifugo kutoka dukani kwangu. Lakini wacha nikuone ukibeba mtoto wa plasta hadi mapajani kwa pikipiki, na pacha mwenzake anayetaka kunyonya chupa, na kaka yao wa kuachwa shuleni njiani.

Likizo ya mke wangu ilipokaribia kuisha, kwa maana yeye ni mwalimu, mama yake akaja kutusaidia kutoka Kwa Vonza. Huyo ndiye mama mkwe wangu.

Sasa, kama wewe si wa kwetu, ngoja nikueleze. Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, lakini ni heshima ya kuachiana nafasi. Mwanamume na mama aliyemzaa mke wake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawali wakitazamana. Nikiingia sebuleni, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Tukikutana njiani, mmoja wetu anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande ule mwingine. Tumeokoka, ndiyo, na Jumapili tunaimba katika kanisa moja, lakini yeye akiwa safu za mbele, mimi naketi karibu na mlango. Wokovu haukufuta nthoni. Hata mchungaji wetu ana mama mkwe, na nimemwona akikwepa.

Wiki ya kwanza mke wangu aliporudi kazini, shemasi mmoja alituazima gari lake dogo. Mke wangu alikuwa ameshanunua viti vitatu vya watoto, vile vya kufungwa kwa mkanda, na nilikuwa nimeshapiga kelele kuhusu viti hivyo. Sisi tulikua nyuma ya pikapu juu ya magunia, nani alikufa? Akanijibu taratibu kwamba waliokufa hawako hapa kujibu. Basi nikavifunga. Vilijaa kiti chote cha nyuma, bega kwa bega, mlango ukafungwa kwa kusukumwa na goti.

Mama mkwe akatoka na gauni lake la kanisani. Akatazama nyuma, hakuna nafasi. Akatazama mbele, kiti kitupu, kando yangu. Akasimama palepale. Mimi nami nikaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Utaniuliza, si ungemweka kijana mbele, bibi aketi nyuma? Nililiwaza hilo. Mke wangu alisema mtoto wake hataketi mbele ya gari yeye akiwa hai, na ukimjua mke wangu, hapo mjadala umefungwa. Kwa hivyo siku ile kijana akaachwa kwa jirani akilia, kiti chake kikatolewa, na mama mkwe akajibana katikati ya mapacha, magoti yameinuka hadi karibu na kidevu. Tukaenda hivyo mpaka Wote.

Tulipofika, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Akajaribu kutoka, akashindwa. Akajaribu tena. Nami nimesimama nje, mikono miwili mizima, yenye nguvu ya kubeba magunia ya pojo, na siwezi kumshika mkono mama wa watu. Wuui! Sijawahi kujiona bure hivyo. Nikakimbia kumwita mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi langoni, akaja akamvuta. Mama mkwe akasimama akijishikilia kwa mlango, akasugua mapaja yake, kisha akaingiza mikono ndani kumchukua mjukuu. Pale kliniki mtoto alilia plasta ilipofungwa, akanyamaza tu alipowekwa kifuani kwa bibi yake. Mimi nilikuwa wa kuendesha. Bila yule mama, hakuna kliniki.

Jioni hiyo nikamwambia mke wangu, "Tunauza ng'ombe, tunanunua gari."

"Gani?"

"La kumtosha mama yako."

Sharti letu lilikuwa hili: viti vitatu vya watoto vikae bila kubanana, mama apate mahali pa heshima mbali na mimi, na gari lisiwe mlevi wa mafuta, maana safari ni kila wiki na duka langu si kisima cha petroli. Ukisikia linaonekana jambo rahisi. Wanaume wa kanisani walinishauri ninunue pikapu, nitabebea na mbolea. Nikawauliza mama mkwe nimfunge kamba huko nyuma pamoja na mbolea? Wakasema aah, wewe huna utani.

Nilianza kuzunguka yadi za magari na vile viti vitatu ndani ya gunia. Muuzaji akisema, "Mzee, hili linatosha familia nzima," namwambia, "Sawa," na namwaga gunia. Hapo ndipo urafiki ulipokuwa unaishia. Gari moja lilikuwa la kubana matumizi kweli, lakini kiti cha tatu kilikataa kabisa kuingia, na muuzaji akaniambia nipunguze mtoto. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Lingine lilikuwa pana, ungeweza kufanyia harusi humo ndani, lakini mshale wa mafuta ulishuka tukiwa bado tunajadili bei. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikakuta chai yangu imewekwa mezani na aliyeiweka ameshatoka.

Kisha mtu akaniambia habari za gari la viti saba lenye injini ndogo, liko Mtito Andei. Mwenye nalo alikuwa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mlima Kenya zamani, ana lojing'i ya kulala wasafiri na mkahawa wa madereva wa malori, na magari machache ya kuuza nyuma ya kituo cha petroli. Safari hii mke wangu alisema twende sote, na mama pia, kwa kuwa kiti ni chake. Tukakodi gari, tukaenda.

Mzee wa Mlima alikuwa mchangamfu mno. Alimwona mama mkwe, akafungua mlango wa mbele kwa mbwembwe zote, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Karibu, shosho! Keti hapa mbele karibu na kijana wako, ufurahie barabara."

Hakuna aliyesogea. Mama mkwe akainamisha kichwa. Mimi nikatazama malori. Mke wangu akamvuta yule mzee kando, akamnong'oneza. Mzee akashika kichwa.

"Ala! Pole sana, shosho. Basi tazama, kuna safu ya nyuma kabisa. Ukikaa huko, wewe uko Mombasa, yeye yuko Nairobi!"

Nikamwaga gunia langu, nikafunga viti vitatu katika safu ya kati. Vilikaa! Nilitaka kucheka kwa furaha. Mpaka tulipotaka kumwingiza mama nyuma. Kumbe ili ufike safu ya mwisho, lazima kiti cha kati kikunjwe, na kiti cha kati kilichofungiwa kiti cha mtoto hakikunjiki. Tukavuta, tukasukuma, wapi. Mzee wa Mlima hakukata tamaa. Akazunguka, akafungua buti, akaweka kreti ya soda chini. "Shosho atapandia hapa. Ni kama ngazi tu."

Mama mkwe, kwa upole wake, akakanyaga kreti. Akaingiza goti moja kwenye buti. Hapo maziwa yakamwagika.

"Mama mkwe wangu si gunia la mahindi!" Nilipiga kelele mpaka madereva wakatoka mkahawani na chapati mikononi. "Mwanamke aliyenizalia mke ataingia garini kupitia mahali pa kuwekea jeki? Haki ya nani, afadhali nitembee kwa miguu hadi Wote nikimbeba huyo mtoto mgongoni!"

Kisha nikasikia kicheko. Kilitoka ndani ya buti. Mama mkwe alikuwa ameketi pale pembeni, khanga mdomoni, mabega yanatikisika. Miezi yote aliyokuwa nyumbani kwangu sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alipopata pumzi, akamwambia binti yake kwa Kikamba, sauti ya kutosha mimi nisikie bila kuambiwa, kwamba hakujua ana mkwe mkali hivi, na kwamba afadhali ukali huu kuliko ule wa kumgeuzia mtoto wake.

Sijui ni kicheko kile au ni nini, lakini vichwa vyetu vilitulia. Mke wangu akafungua kiti kimoja, akakihamishia safu ya nyuma. Kijana wetu alikuwa mwepesi, akapenya katikati kama mwana-mbuzi, akaketi huko akidai hiyo ndiyo nyumba yake. Mapacha wakabaki safu ya kati, na kando yao, upande wa kushoto mlangoni, pakabaki nafasi nzima. Mama mkwe akashuka kutoka kwenye buti, akazunguka, akaingia kwa mlango kama watu wengine. Akanyoosha miguu. Akaweka mkono mmoja juu ya plasta ya mtoto.

"Mwambie baba watoto hapa panatosha," akamwambia binti yake.

Mzee wa Mlima aliapa kwamba gari halinywi mafuta, linanusa tu. Sikumwamini. Nikajaza tangi, nikaendesha hadi Makindu na kurudi, nikajaza tena kwenye pampu ileile. Kweli, lilikuwa linanusa.

Tukaanza kwenda kliniki kama watu. Nilikizungusha kioo cha ndani kidogo ili macho yetu yasikutane, nikatumia vya pembeni. Tulisafiri mimi naye bila neno, lakini nilijifunza kumsikia. Alimwimbia mtoto nyimbo za kanisa, akizipunguza sauti kwenye matuta. Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha vibaya, nikasimama mlangoni nikifikiri labda leo tuahirishe. Nilipotoka nje nilimkuta ameshaketi mahali pake, watoto wamefungwa mikanda, anangoja. Niliwasha gari. Nilimpenda sana yule mama siku hiyo, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Plasta zikaisha, vikaja viatu vya chuma, na bado tukawa tunarudi kukaguliwa. Mpaka siku daktari alipoiminya miguu, akaizungusha, akasema sasa viatu ni vya kulalia tu. Mchana awe miguu mitupu, ajaribu. Mtoto alikuwa wa umri wa kutambaa, naye alikuwa bado hajasimama. Mwenzake alishasimama. Kila mtu nyumbani alikuwa akitazama.

Kazi ya mama ilikuwa imekwisha, na shamba lake lilikuwa linamngoja. Tukamrudisha Kwa Vonza, sote. Alishuka, mke wangu akaingia naye jikoni, kijana akatimua kuku. Nikaegesha gari kivulini, milango wazi. Pacha mmoja alikuwa amelala. Huyu wetu wa plasta alikuwa analalamika, nikamfungua mkanda.

Akatambaa hadi mahali pa bibi yake. Akapapasa pale, akatazama huku na huku. Nilifunga ule mlango asianguke, dirisha likiwa wazi, nikasimama nje karibu naye. Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Akavuta. Akainuka. Akasimama juu ya kiti, nyayo zote mbili zimelala bapa, akiitafuta nyumba kwa macho.

"Wuui! Mama! Njoo uone!" nikaita.

Mama mkwe akatokea jikoni mbio, mikono imejaa unga. Akafika katikati ya uwanja, akasimama ghafla. Upande wa pili wa gari ulikuwa ukuta wa miiba, na mlango huu mmoja nilikuwa nimeusimamia mimi. Magoti ya mtoto yalikuwa yameanza kutetemeka.

Mwaka mzima nilikuwa nimengoja kuona jambo lile. Nilimtazama binti yangu mara moja zaidi, kisha nikaondoka. Nikapita upande wa chini, nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, mgongo nimewapa. Nikasikia ndala zikikimbia. Kisha nikasikia vigelegele, na mtoto akicheka, na vigelegele tena. Nilibaki pale nyuma ya tangi, machozi yananitiririka, mpaka mke wangu alipokuja kuniambia kwamba mtoto ameshaketi.