Madirisha ya Bi Bawaba

Alipoajiriwa zimamoto alitaka kupanda gari jekundu kama wenzake. Mkuu wa zamu alimpima kwa macho toka utosini hadi kisiginoni, akasema, "Wewe nenda ukaguzi." Kikosini, ukaguzi ulihesabiwa kama jalala: huko walitupwa wenye migongo mibovu, wenye kesi, na wanawake. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka maduka, nyumba za wageni na shule, kuangalia kama mtu akishikwa na moto ndani atapata pa kutokea.

Alikuwa binti wa mchomeleaji. Alijua kukata nondo kabla hajajua kusuka nywele. Baba yake ndiye aliyefunga vyuma vya madirisha karibu mtaa mzima, na alipenda kusema, "Mimi nauza usingizi. Ukishakuwa nyuma ya vyuma vyangu, unalala fofofo."

Siku moja binti alitumwa kukagua shule ya bweni ya wasichana. Bweni lilikuwa refu, vitanda vimebanana, mlango mmoja, madirisha yote yamezibwa kwa nondo nene. Alishika nondo moja akaitikisa, haikucheza. Hakuwa na haja ya kuuliza fundi ni nani. Ua la chuma lililosokotwa katikati ya kila dirisha alilijua tangu utotoni.

"Mwalimu, vyuma hivi vitolewe," alimwambia mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya kunyamazisha uwanja mzima.

"Vitolewe? Binti yangu, una mtoto wewe?"

"Sina."

"Mimi nimekabidhiwa watoto wa watu. Wezi wakiingia humu, utakuja wewe kuwajibu wazazi?"

"Na moto ukiwakia hapo mlangoni, watatokea wapi?"

"Nitaongea na aliyekutuma."

Na kweli aliongea naye. Kesho yake mkuu wa zamu alimwita binti akamwambia asisumbue watu, shule ile haijaungua tangu ijengwe. "Hata mtu hufa mara moja tu," binti akajibu. Neno lilimtoka kabla hajalipima. Aliyemwokoa ni kamanda wa kikosi, mzee mkimya aliyekuwa akipita, akasimama mlangoni.

"Mwalimu yule anaogopa wezi," kamanda alimwambia binti, "na ana haki. Mpelekee kitu kitakachowazuia wezi na kuwatoa watoto."

Jioni alikwenda karakana. Baba alimsikiliza bila kuvua miwani ya kuchomelea.

"Kwa hiyo nimetengeneza mtego," baba akasema.

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema. Umetumia adabu tu."

Wakawa wanakula meza moja bila kutazamana. Mama akachoka. "Nyinyi wawili ni chuma kwa chuma," alisema akikusanya sahani, "na mimi katikati ndiye ninayechubuka."

Halafu asubuhi moja binti aliamshwa na mlio wa mashine ya kukatia. Uani baba alikuwa amesimamisha fremu ya dirisha, nondo zake zimekaa kwenye bawaba kama mlango, na komeo la ndani limefunikwa kwa bati ili mkono wa mtu wa nje usilifikie.

"Fungua."

Alifungua kwa kidole kimoja.

"Sasa zunguka nje, uwe mwizi."

Alisukuma, akavuta, akapenyeza mkono, akatoka jasho. Baba akacheka, kicheko cha kwanza tangu ugomvi uanze. Shuleni, mwalimu mkuu naye alitaka kuwa mwizi. Mkono ukamnasia hadi kwenye kiwiko, ikabidi atolewe kwa maji ya sabuni. Akakubali hapo hapo. Madirisha yakabadilishwa, binti akawafundisha wasichana kuyafungua na kutoka, na fundisho likamzalia jina: Bi Bawaba.

Moto ulikuja Jumamosi mchana. Msichana mmoja aliacha pasi juu ya godoro karibu na mlango, akaitwa nje. Moshi ulipojaa, waliokuwa wamejipumzisha upande wa ndani hawakuweza kuufikia mlango. Walifungua madirisha. Bi Bawaba alipofika mbio kutoka upande wa pili wa mji, aliwakuta wamekaa kwenye nyasi, baadhi wakililia masanduku yao yaliyoungua, mmoja amejifunga shuka na kuvaa viatu vya mwenzake. Hakuna aliyeumia. Mwalimu mkuu alimshika mkono asiuachie.

Mwaka ule utumishi wa umma ulikuwa ukitoa tuzo kwa vijana walioanza kazi vizuri. Kamanda akapeleka jina lake. Mbele ya jopo aliulizwa, "Umeshiriki kuzima moto mara ngapi?"

"Sijawahi."

Wakatazamana. "Basi tukupime kwa lipi?"

Alifikiri. "Kazi yangu ikienda vizuri, waheshimiwa, hakuna kinachotokea. Sijui mtapimaje hilo. Kweli sijui."

Alishinda. Ukumbini mama alipiga kigelegele jina likiwa bado nusu mdomoni mwa msomaji. Baba, katika koti la kuazima, alikuwa akizikagua bawaba za mlango. Bi Bawaba alipogeuka na tuzo mkononi alimwona dereva wa gari jekundu, anayekaribia kustaafu, akipiga makofi kwa viganja vilivyojaa makovu ya moto. Hakuna aliyewahi kumpandisha jukwaani. Furaha ikaingia mwiba.

Nje alimwuliza kamanda kwa nini madereva wa siku nyingi hawajawahi kutuzwa.

"Tuzo hii ni ya vijana, mwanangu."

"Na wao walikuwa vijana, afande."

"Walikuwa," kamanda akasema. "Na mimi nilikuwa. Tulidhani kazi itajisema yenyewe. Kazi haina mdomo."

Maneno hayo hakuyasahau. Leo ndiye anayeongoza ukaguzi, na vijana huomba wenyewe kupangiwa huko. Kila wanaporudi, hukaa nao barazani, madereva na wazee wakiwemo, na kila mmoja husifiwa mbele ya wenzake kwa alichokigundua. Juzi ilikuwa zamu ya askari mpya, msichana aliyegundua kwamba ufunguo wa mlango wa dharura wa ukumbi mmoja hukaa mfukoni mwa mlinzi, na mlinzi huenda kula mchana. Bi Bawaba alimsifu, yule dereva wa makovu, siku hizi mstaafu, akapiga meza. Msichana wa watu akaona haya, akainama kufunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.